Kizimba cha tayari cha kuku: kipi kinamzuia ngawa na kipi hakimzuii

Vizimba vya mbao vinavyouzwa tayari, vile vinavyopangwa mbele ya karakana za maseremala, vimekuwa jibu la haraka kwa mtu wa Unguja au Pemba mwenye kuku wachache uani. Umbo halitofautiani sana kutoka fundi hadi fundi: sanduku la futi 6 kwa 3, kimo futi 3, juu ya miguu ya futi moja na nusu, bati kichwani, waya mbele, mlango mmoja na viota viwili ubavuni. Muuzaji atakwambia ni cha kuku kumi. Tunakipima hapa kwa jambo moja: kuku waliofungiwa humo wakati wa Magharibi, asubuhi watakuwa wangapi?

Umbo ni zuri. Mbao zinaridhisha zikitunzwa. Waya haufai, komeo halifai, na uwazi chini ya bati ni mlango wa pili ambao hakuna aliyekwambia kama upo. Ukikinunua na kukitumia kama kilivyo, unawalinda kuku na mvua tu. Ukiongeza mita 5 za waya wa aina nyingine, makomeo matatu, papi chache za mbao na kazi ya siku moja, kinakuwa kizimba cha kutegemewa kwa miaka.

Adui na saa zao

Visiwani hatuna mbweha, wala theluji ya kumsukuma mnyama mwenye njaa mpaka mlangoni kama huko Ulaya wakati wa baridi. Tuna masika na kipupwe. Masika majani hupanda mpaka ukutani, na ngawa akapata njia ya kujificha kutoka kichakani hadi uani. Ardhi hulainika, na kuchimba chini ya waya kunakuwa kazi ndogo. Mashimo ya panya buku hujaa maji, naye huhamia juu, karibu na nyumba na punje. Mbao huvimba, mlango ukagoma kufunga, mtu akauegemeza kwa jiwe akaenda kulala. Kipupwe kikiingia, watu huwahi ndani kwa ubaridi, na mavuno ya karafuu yakianza nyumba za mashamba hubaki bila mtu mchana kutwa. Kwa hiyo kizimba kikaguliwe Februari, kabla mvua haijaanza, na kikaguliwe tena mvua ikikatika.

Kila adui ana saa zake, na ukizijua unajua sehemu ipi ya kizimba imefeli. Mchana ni wa mwewe, kipanga, kunguru, nguchiro na cheche. Mwewe hunyakua kifaranga kwa kupita, hatui. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, hufanya kazi kwa kushirikiana: mmoja anamchokoza mama, mwenzake anachukua kifaranga kwa nyuma. Pia huingia kwenye kiota kilicho wazi na kutoboa mayai. Nguchiro wenye milia hutembea kundi zima, na wao ni wa mayai na vifaranga zaidi kuliko kuku wakubwa. Namna yao ya kuvunja yai haisahauliki ukishaiona: nguchiro analipa mgongo jiwe au ukuta, analishika yai kwa mikono ya mbele, analirusha kwa nguvu katikati ya miguu yake ya nyuma mpaka lipasuke. Ukikuta maganda yaliyosagika chini ya jiwe lilelile kila siku, usimlaumu nyoka. Cheche, nguchiro mwembamba anayewinda peke yake, ni hatari zaidi kwa kuku mwenyewe, kwani mwili wake unapita pahala ambapo mtu haamini.

Usiku ni wa ngawa, uchui (mnyama mwembamba mwenye madoa, jamii ya ngawa), paka shume, panya buku na chatu. Ngawa wapo Unguja na Pemba. Uchui ni wa Unguja. Wa kwetu wana jina lao la kisayansi tangu 1998, na picha za kwanza za uchui hai zilipatikana 2003 katika eneo la Jozani. Ni mnyama adimu, anapanda miti vizuri sana, kwa hiyo anayefuga kuku vijiji vya pembezoni mwa Jozani asihesabu urefu wa ukuta kama kinga. Pemba kuna nguchiro wa majini, anayependa mito na mabonde ya mpunga, naye hutembea zaidi jua likishatua.

Dalili husaidia. Kuku ametoweka mzima, hakuna manyoya, hakuna damu, na waya haujakatwa: angalia kwanza kama chatu bado yumo ndani. Chatu akishameza, tumbo linavimba na hawezi kutoka kwa tundu aliloingilia, hivyo asubuhi hukutwa amejikunja pembeni. Usiingize mkono kwenye kiota chenye giza kabla ya kumulika. Kuku aliyelala karibu na waya amekutwa na jeraha la shingo au mguu, na mwili umebanwa kwenye waya: aliyefanya hivyo hakuingia kabisa, aliingiza mkono na kuvuta, na paka ni hodari wa kazi hiyo. Vifaranga wanapungua mmoja mmoja usiku na kuna tundu jipya la udongo chini ya sakafu: ni buku. Manyoya yametawanyika uani mchana: tazama juu.

Waya

Hapa ndipo kizimba cha tayari kinapoanguka, na ndipo pesa yako iende.

Waya unaokuja nacho ni ule wa matundu ya pembe sita, mwembamba, wa kusokotwa, unaojulikana na kila mtu kwa jina la waya wa kuku. Kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, na hiyo unaifanya vizuri. Kumzuia mnyama asiingie ni kazi nyingine. Uzi wake haufiki hata milimita moja, na kwa kuwa nyuzi zimesokotana, uzi mmoja ukikatika tundu halibaki dogo: linafunguka, la pili linafuata. Mbwa koko akiuvuta kwa meno dakika chache, ana mlango. Matundu ya inchi 1 yanampitisha panya, nyoka mdogo na mkono wa paka. Tena kwa hewa yetu ya chumvi unaanza kutu kwenye misokoto, pahala ambapo maji hukaa, na kwa vijiji vya pwani kama Nungwi, Jambiani au Makunduchi kutu hiyo huja mapema sana.

Unaotakiwa ni waya wa kuchomelewa, wa matundu ya mraba, nusu inchi kwa nusu inchi. Unene wake hutajwa kwa namba, na namba ikipanda unene unashuka: namba 19 ni takriban milimita 1, namba 16 ni takriban milimita 1.6. Namba 19 inatosha kwa kizimba. Mwenye mbwa wakubwa wanaozurura mtaani achukue 16 kwa futi 2 za chini, ingawa kukata na kukunja namba 16 kunahitaji koleo zuri na mikono yenye nguvu.

Dukani usiridhike na ung'avu. Sogeza macho kwenye viungo, pale nyuzi mbili zinapokutana. Waya uliopakwa zinki baada ya kuchomelewa una vidonge vidogo vya zinki vilivyofunika kiungo chote, vya rangi moja na waya wenyewe. Uliopakwa kabla ya kuchomelewa una alama nyeusi au ya kahawia kwenye kila kiungo, kwa sababu moto umekula zinki pahala hapo, na kutu itaanzia hapohapo. Kwa shamba la ndani, kama Dole, wa pili unaweza kuvumilia. Kwa pwani usiununue. Kisha shika nyuzi mbili zinazokutana ukingoni, uzipindue kwa koleo: kiungo kizuri kinapinda, kibaya kinaachia. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda duka la pili. Waya wenye ngozi ya plastiki ya kijani hudumu zaidi karibu na bahari, mradi ncha zilizokatwa zipakwe rangi ya kuzuia kutu; usipofanya hivyo maji huingia chini ya ngozi na waya huoza ndani huku nje ukionekana mpya.

Kiasi ni hiki, kwa kizimba cha futi 6 kwa 3 chenye mbele wazi, nusu ya juu ya mbavu mbili wazi, na sakafu ya waya. Mbele futi 6, sakafu futi 6, na kipande kimoja cha futi 3 kinachokatwa katikati kwa ajili ya mbavu mbili. Jumla futi 15 za waya wenye upana wa futi 3. Nunua mita 5, kinachobaki kitafunga uwazi wa chini ya bati.

Usiuondoe waya wa zamani. Pigilia mpya juu yake, upande wa nje. Ukipigilia ndani, mnyama anapousukuma anasukuma misumari itoke. Ukiwa nje, anaubana kwenye fremu. Waya ufike nje ya ukingo wa fremu kwa inchi 1 na nusu kila upande. Kama upana hautoshi, ongeza kipande, na vipande viwili vipandane kwa inchi 2 na kushonwa kwa waya wa kufungia. Misumari ya umbo la U pekee haitoshi, hasa kwenye paini, ambayo hulainika kwa unyevu na kuuachia msumari. Juu ya ukingo wa waya weka upapi wa mbao wa inchi 1, uukaze kwa skrubu za inchi 1 na nusu kila baada ya inchi 6. Mwenye haraka atumie skrubu yenye washa pana bila upapi, kila inchi 4. Kazi ikiisha, sukuma kila pembe kwa kiganja na uzito wa mwili. Panapocheza ndipo ngawa atakapoanzia.

Ndani, ubao wa kulalia kuku uwe mbali na waya kwa futi 1 kamili. Vizimba vingi vya tayari vimewekewa fito moja karibu na upande wa mbele ili kuku waonekane vizuri wakati wa kuuza. Ing'oe uisogeze nyuma. Hatua hii haigharimu hata shilingi, na inaondoa kabisa majeraha ya kuvutwa shingo usiku.

Mlango na komeo

Mlango hufungwa kwa ndoano au kwa kijiti kinachozunguka kwenye msumari. Vyote viwili viondolewe. Tatizo la mlango wa kizimba ni kwamba umeshikwa pahala pamoja tu, katikati, na ubao wa paini hupinda. Masika unavimba na kukwama, kiangazi unasinyaa na pembe ya chini inaachia uwazi wa vidole viwili, na vidole viwili ni njia pana kwa cheche. Weka makomeo mawili ya kusukuma, moja juu na moja chini, kila moja inchi 3 kutoka pembeni. Uwazi kati ya mlango na fremu usizidi upana wa penseli, na kwa ndani piga upapi unaozunguka fremu yote ili mlango ukifunga uegemee juu yake. Bawaba zikazwe kwa skrubu, si misumari.

Kifuniko cha viota, kile kinachofunguliwa kwa nje kuokota mayai, husahaulika kabisa. Kwa kawaida kimefungwa kwa uzito wake mwenyewe tu. Nguchiro anakiinua kwa pua. Komeo moja dogo linamaliza habari hiyo.

Paa

Mawimbi ya bati yanapokaa juu ya ubao ulionyooka huacha matundu mfululizo kila upande. Hayo matundu ni mazuri kwa hewa, na kwa joto letu hewa ya juu inatakiwa, hivyo usiyazibe kwa saruji wala matambara. Kata ukanda wa waya wa nusu inchi wenye upana wa inchi 4, uukunje kwa pembe, upande mmoja upigiliwe kwenye ubao na mwingine uingie ndani ya mawimbi ya bati. Hewa inapita, panya na nyoka hawapiti.

Miezi ya kaskazi bati pekee humchemsha kuku. Tandika kuti juu ya bati, ulifunge kwa kamba. Makuti matupu bila bati hatuyapendekezi kwa kizimba: panya hujenga humo, na palipo na panya chatu atafika.

Sakafu, miguu na siafu

Sakafu ya waya wa nusu inchi ndiyo bora kwa kulala, kwa kuwa sehemu ya kinyesi inaanguka na hakuna anayechimba akatokea ndani. Kinachobaki juu kifagiliwe kila asubuhi, la sivyo matundu huziba na unyevu ukaleta mafua. Watu hupendelea inchi 1 ili kinyesi kipite vizuri. Ni kweli kinapita, lakini buku mchanga naye anapita, na kifaranga ananasa mguu. Kuku aliye na vifaranga awekewe ubao juu ya waya, wenye majani makavu, abadilishiwe kila baada ya siku tatu.

Miguu ya kizimba ipakwe oili chafu mpaka futi 1 kutoka chini, kabla ya masika na baada yake, kwa ajili ya mchwa. Chini ya kila mguu weka jiwe tambarare, usiusimamishe kwenye udongo.

Siafu wanastahili neno lao. Mvua ikiwahamisha, wanaweza kuingia kizimbani usiku na kuua kuku anayetamia, kwa sababu haondoki kwenye mayai, na vifaranga wote walio chini yake. Waya hauwazuii. Kinachowazuia ni kila mguu kusimama ndani ya kopo lenye oili chafu kina cha inchi 2, na kizimba kisiguse ukuta, tawi wala jani lolote. Kopo lifunikwe kwa kipande cha bati kilichotobolewa katikati, mvua isije ikalijaza na kuimwaga oili. Wakishaingia, fungua mlango mara moja, watoe kuku wote, kisha mwaga majivu ya moto kuzunguka njia yao.

"Cha kuku kumi"

Eneo la futi 6 kwa 3 ni takriban mita za mraba 1.7. Kwa kuku wa kienyeji ushauri wa kawaida ni kuku 5 hadi 8 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kumi wanaingia, mradi wanalala humo tu na mchana wanatoka. Fito ya kulalia iwe na inchi 8 kwa kila kuku: kuku kumi wanataka futi 6 na inchi 8, hivyo fito moja haitoshi, ziwe mbili zilizo kimo kimoja. Zikipishana kimo wote watagombea ya juu na wanyonge watasukumwa kwenye waya. Viota viwili vya futi 1 kila upande vinatosha mitetea kumi. Ukitaka kuwafungia mchana kutwa, kizimba hiki ni cha kuku wanne, na hata hao hawatakuwa na raha.

Uwanja wa nje

Wenye jirani wenye bustani, au wanaoishi karibu na msitu, huongeza uwanja wa waya mbele ya kizimba. Futi 10 kwa 6 ni kipimo kizuri. Hapa adui anachimba, na kinga ni sketi: ukanda wa waya wenye upana wa futi 1 na nusu uliolazwa juu ya ardhi, kuanzia chini ya ukuta kwenda nje. Mnyama huchimba pale pua yake inapogusa ukuta. Akikuta waya chini ya kucha hajui arudi nyuma futi 1 na nusu aanze upya. Mzunguko ni futi 32. Ukikata waya wa upana wa futi 3 katikati unapata kanda mbili, hivyo mita 6 zinatosha pamoja na pembe.

Namna ya kuilaza inategemea ardhi. Kwenye kinongo (udongo mwekundu unaochimbika) au mchanga, fukua inchi 3, laza, rudishia udongo, majani yatashika wenyewe. Kwenye maweni, ambako jembe linagonga jiwe tangu pigo la kwanza, usijisumbue kuchimba: laza sketi juu ya ardhi, pangilia mawe mazito ukingoni, na ziba kwa saruji kila upenyo wa jiwe ulio chini ya ukuta, kwani mnyama wa maweni hachimbi, anatafuta pango lililokwisha kuwepo. Kwenye kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi), sketi ikaguliwe kiangazi, ardhi ikipasuka.

Ukuta wa uwanja unaweza kuwa wa waya wa inchi 1 kuanzia futi 2 kwenda juu, lakini futi 2 za chini ziwe nusu inchi. Juu ya uwanja, kwa mwewe na kunguru, hakuna kitu cha bei nzuri kama nyavu kuukuu za wavuvi. Chagua zenye macho yasiyozidi inchi 2, zilizosokotwa kwa uzi mnene. Zivute kwa mikono miwili: zikikatika mkononi jua limeshazila. Zioshe kwa maji baridi kuondoa chumvi na harufu ya samaki, maana harufu hiyo inawaita paka. Zikazwe sana, zisilegee, kwa sababu wavu uliolegea unanasa mbawa za bundi na miguu ya kuku. Zile za uzi mmoja mwembamba kama mshipi ziepuke kabisa, zinakata nyama. Na uelewe mpaka wake: wavu ni wa mchana. Ngawa anaukata, kwa hiyo kuku wasilale uwanjani.

Kwa vifaranga wa wiki nne za mwanzo, tenga lililofunikwa juu ya mama na watoto bado ni kifaa kizuri kwa mchana, likiwekewa jiwe juu lisipinduliwe na mbwa. Usiku waingie kizimbani.

Vitu vingine vinavyouzwa kwa kazi hii

Taa za sola zinazowaka mnyama anapopita ni msaada mdogo. Masika zinachaji vibaya, na ngawa huzizoea. Sidii za kung'aa zinazoning'inizwa huwasumbua mwewe siku chache. Kunguru ni wajanja zaidi ya hapo. Kanga wawili watatu kati ya kuku wanafaa zaidi, maana hupiga kelele kwa kila kigeni, mchana na usiku. Sumu tunaikataa moja kwa moja. Inaua paka wa jirani, inaua kuku wako wanaodonoa mabaki, na Unguja inaweza kumuua uchui.

Punje zisilale nje. Chakula kilichobaki jioni kiondolewe chote, kwani buku ndiye mwanzo wa safari ya chatu. Majani yafyekwe hatua tatu kuzunguka kizimba, na tawi lolote linalofika juu ya bati likatwe.

Kununua tayari au kuagiza

Ukiwa na koleo, bisibisi na siku moja, nunua cha tayari na ukirekebishe. Ukiwa huna, agiza kwa fundi na umpelekee waya uliouchagua mwenyewe, kwa sababu ukimwachia anunue ataleta wa kusokotwa, ndio anaouzoea na ndio mwepesi kupigilia. Mwambie mambo manne kabla hajakata mbao: waya uwe nje ya fremu na upapi juu yake, fito mbili za kimo kimoja zilizo mbali na waya kwa futi 1, makomeo mawili kwa mlango na moja kwa kifuniko cha viota, na ukanda wa waya chini ya bati kila palipo na matundu ya mawimbi. Nenda ukakione kabla hakijapakwa rangi, maana rangi huficha nyufa za mbao na misumari iliyokosea fremu. Kichukue, kisimamishe pahala pake, kisha jioni ya kwanza, kuku wakiwa bado nje, ingiza taa ndani na ufunge mlango: kila pahala mwanga unapotoka kwa upana wa kidole paongezewe waya kabla ya kuku kuingia.